Chini Kuwe Kavu

Nateete, Kampala
4 Mei 2025

Mdogo wangu Anselme,

Nakuuliza mmelalaje, wewe na Marlène na watoto, ingawa jibu litanifikia mkiwa mmekwisha kulala na kuamka mara nyingi. Sisi huku tupo. Goti langu la kushoto linajua mvua kuliko redio, na mwaka huu halijapata likizo. Padri mpya anahubiri kwa ufupi, kwa hiyo kanisa limejaa.

Pitshou, yule anayeleta maharage kwa lori, ndiye atakayekupa karatasi hii. Ameniambia simu za huko zinafunguliwa vizuizini na kusomwa, na kwamba mtu anaweza kulala ndani kwa sababu ya salamu. Basi tuandikiane. Mama alitufundisha herufi kwa kipande cha mkaa ukutani, hatutashindwa na kalamu.

Sasa sababu ya barua. Wale wahandisi wa barabara niliokuwa nawapikia wamemaliza kazi na kurudi kwao. Kambi yao ilikuwa ya nyumba za kiwandani, zile zinazofika zikiwa zimekwisha tengenezwa, kuta zake bati mbili zenye kitu kama sponji katikati, zinafungwa kwa bolti. Mkubwa wao alinipa moja, kama mtu anavyotoa shati linalombana, kwa sharti niiondoe pale upesi. Imekuja juu ya malori mawili, nusu huku na nusu huku, na Nateete nzima ilitoka kuangalia nyumba ikipita sokoni. Iko juu ya magogo sasa, katika kiwanja ninachokodi kwa Mzee Abudu. Upepo ukivuma inaimba, na haijui kuimba.

Anselme, nyumba hii ni yenu. Mimi nina chumba changu. Josias atakuwa amerefuka, na nasikia kurefuka si jambo zuri kwa mvulana huko. Njooni. Lakini nyumba haiwezi kuishi juu ya magogo, na wewe umehamisha nyumba za mbao tangu mlima ulipomwaga moto hapo Goma. Nichoree msingi. Fundi wa kuujenga nitamtafuta mimi.

Mwambie Marlène sijamsahau, na sufuria yake ninayo bado.

Dada yako,
Perpétue


Goma, 2 Juni 2025

Yaya Perpétue, dada yangu mkubwa,

Barua yako imefika ikinuka maharage, na tumeisoma mimi na Josias mpaka karatasi ikalegea. Tuko hai. Hiyo ndiyo habari ya kwanza, nyingine zinaifuata kwa mbali. Josias amerefuka kweli, ninamfundisha kutembea ameinama. Kazi ya useremala ipo: milango, na vitu vingine vya mbao ambavyo sitavitaja.

Nyumba za namna hiyo nazijua. Zinaogopa kupindika, na zinaogopa kuoza kutoka chini. Ikilazwa juu ya msingi usio sawa, kwanza milango inakataa kufunga, halafu bolti zinaanza kukatika moja moja. Ipimeni kabla ya kuchimba. Kuna mtu hapa alijenga msingi kwanza, nyumba ilipofika ikaning'inia pande mbili kama mtu mnene juu ya stuli. Na pale nusu mbili zinapokutana ndipo uzito wote unaposhukia, kwa hiyo hapo pawe na boriti ya chuma, si mbao. Mchoro uko nyuma ya karatasi.

Lakini jambo kubwa ni moja, na hili usiliache hata ukiyaacha hayo mengine yote: chini kuwe kavu. Benedicte wetu mdogo haendi mahali pasipo kavu. Tangu vita vya Januari halali pasipo kavu, na si utundu wa mtoto. Ukinipatia hiyo nitaweza kumtoa hapa. Bila hiyo hatutoki, na Josias anazidi kurefuka.

Tutahitaji vitanda vitatu.

Mdogo wako,
Anselme


Nateete, 21 Juni 2025

Anselme mdogo wangu,

Salamu zenu nimezipokea na kuzigawa mtaani, na hakuna aliyekataa fungu lake. Goti liko vilevile. Kuku wangu mweusi ameanza kutagia chini ya nyumba yenu, kwa hiyo tayari ina mpangaji.

Fundi nimempata. Anaitwa Ochan, mtu wa kaskazini, polisi mstaafu, alizaliwa kambini na kulelewa ndani ya vile vibanda vya bati vya polisi. Alipoiona nyumba yenu aliizunguka mara moja, akaigonga kwa kidole, akasema, "Hii ni mama ingia pole." Ndivyo wanavyoviita vile vibanda, kwa sababu mlango wake ni mfupi, na mke wa askari akiingia kwa haraka anaacha paji la uso nje. Sasa mtaa mzima unaiita hivyo. Hata mlango wenu ukiwa mrefu, jina limekwisha kaa.

Nikamsomea barua yako: chini kuwe kavu. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Huyu ndugu yako iko na akili," akasema. "Hapa maji iko karibu kama jirani."

Hilo mimi sihitaji kuambiwa. Nilipofika Kampala niliishi Bwaise, nawe unakumbuka sikuwahi kukuandikia kutoka kule. Kitanda kilikuwa juu ya matofali, unga juu ya kabati, na choo mnapanda ngazi kama mnakwenda mimbarini, kwa sababu shimo haliwezi kwenda chini, maji yameshika nafasi. Maji ya Bwaise hayabishi hodi. Unaamka unakuta viatu vyako vinazunguka chumbani bila wewe. Kwa hiyo hofu ya mtoto naielewa.

Na nimeelewa zaidi: ni kifua, sivyo? Moshi wote ule wa Januari. Muuguzi wa hapa amesema unyevu ni adui wa kifua. Basi Ochan amemwaga nguzo za zege sehemu ya chini ya kiwanja, pale palipo tambarare, zinafika kiunoni. Nyumba italala juu yake, maji yatapita chini na kwenda zake. Itakuwa kavu kama biskuti. Mchoro wake uko nyuma.

Vitanda vitatu nimeelewa: wewe na Marlène kimoja. Mbona haniandikii hata mstari?

Perpétue


Goma, 19 Julai 2025

Yaya,

Tunakusalimu sote, pamoja na kuku mweusi. Josias amekohoa wiki nzima, sasa amepona. Useremala unaendelea.

Nilipofika kwenye biskuti nilicheka. Sijacheka siku nyingi, na Josias alikuja kuangalia nina nini. Kisha nikaacha kucheka.

Yaya, kavu ninayosema si ile ya nguo kwenye kamba. Ni kavu ya masista, jirani zetu. Chumba kinachochimbwa chini ya nyumba, wanamoweka unga na viazi na divai ya misa. Wao kwa Kifaransa wanakiita cave, yaani kav, sisi wa mtaani tukaongeza u mwishoni kama tunavyofanya kwa kila neno lao, likawa kavu. Wewe uliondoka zamani, na nyumbani hatukuwa na kitu cha kuweka ndani ya chumba kama hicho, kwa hiyo neno hukulikuta. Ni kosa langu kudhani ungelijua. Kifua cha Benedicte ni kizima.

Mliyonijengea ni nyumba inayosimama kwa vidole. Nilimwonyesha Benedicte mchoro wa Ochan. Aliangalia zile nguzo na uwazi wote ule chini yake, akauliza, "Sasa watu wanaingia wapi?" Akarudi zake chini. Nimekwambia halali pasipo kavu, sikukwambia kwamba haishi pasipo kavu pia. Yumo kwenye chumba cha masista tangu Januari. Chakula nampelekea. Mchana nikimpandisha uani anatetemeka mpaka meno yanagongana.

Wiki hii wale wenye bunduki wamepita tena nyumba kwa nyumba wakiwatazama wavulana. Josias alikuwa chini pamoja na dada yake. Safari ijayo huenda wakashuka ngazi. Ni lazima tutoke, lakini siwezi kumbeba Benedicte kwa nguvu kwenye vizuizi vyote. Atapiga kelele, na kelele huwaamsha. Atatoka kwa kitu kimoja tu, akijua kwamba tunakokwenda kuna chumba chini ya nyumba.

Kisiwe kikubwa. Kuta za zege zenye nondo, dari la zege pia, kisha nyumba juu yake. Tundu la hewa. Lakini kwanza chimbeni shimo la kupima udongo, hata kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji. Niambie maji yako wapi.

Anselme


Nateete, 10 Agosti 2025

Anselme,

Tunaendelea, tunashukuru. Kuku ametotoa. Padri amehamishwa, wamempeleka kwenye parokia inayopenda mahubiri marefu. Mke wa Ochan, Acen, amepona malaria na amerudi sokoni na mihogo yake. Mwembe wa jirani umezaa vizuri.

Juu ya lile neno: nilijiuliza mbona umeandika "chini kuwe kavu", maana mama angetaka kiambishi pale. Lakini Kiswahili cha Kampala tunaviacha viambishi vyake vishuke popote, hakuna anayevisubiri. Nikadhani na wewe umeanza. Ochan nilipomweleza alikaa juu ya moja ya nguzo zake. Halafu akasema, "Mama, Nateete weye nachimba chini, hiyo si nyumba. Hiyo ni kisima na mlango."

Mzee Abudu naye amepata habari. Alikuja na fimbo yake, akauliza, "Mama Perpetua, nasikia shimo lefu. Mnazika nani?" Yeye r na l anazipa zamu. Nikamwambia hatuziki mtu. Akasema mpangaji anayechimba ni mpangaji anayetaka kubaki, akaondoka bila kunywa chai.

Umeuliza juu ya shimo la kupima. Mvua mwaka huu hazieleweki.

Nimefikiri hivi. Huku hakuna mabomu. Kinacholipuka Kampala ni fataki za harusi na mitungi ya gesi ya watu wasiosikia. Mtoto akifika, akaona watu wanakaanga chapati barabarani bila kuangalia juu, atasahau pole pole. Nitalala naye mimi. Tunaweza kumwekea chumba cha ndani kisicho na dirisha. Mwambie shangazi yake ni mpana, anatosha kuwa ukuta.

Na Marlène anasemaje? Mwanamke huwa na neno juu ya nyumba. Niandikie neno lake, hata moja.

Perpétue


Goma, 6 Septemba 2025

Yaya,

Hukunijibu juu ya shimo. Mimi sikukujibu juu ya mtu. Tumelingana, basi tuache.

Vita vilipoingia mjini, masista walitufungulia kavu yao sisi majirani. Mlango wake ni mlango wa ghala. Komeo liko nje, kwa sababu aliyeujenga alifikiria wezi wa unga, hakufikiria watu ndani. Kila bomu lilipoanguka karibu, mlango ulifunguka wenyewe na vumbi la moto likaingia, na upande wetu hapakuwa na cha kuushikia. Maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha. Kulikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa akilambishwa unyevu wa ukuta.

Marlène alichukua jerikani. Alisema uani ni karibu. Alipotoka aliurudisha mlango, tukasikia analisukuma komeo, ili usifunguke tena. Akasema kupitia mbao za mlango, "Msiogope, nimefunga."

Ilikuwa kweli. Haukufunguka kwa mabomu yote yaliyofuata, na sisi tuko hai kwa ajili ya hilo komeo. Haukufunguka hata tulipotaka sisi ufunguke. Benedicte alibandika sikio mlangoni na hakulibandua mpaka sista mmoja alipokuja kutufungulia. Marlène alikuwa uani. Nilimziba mtoto macho, lakini jerikani aliiona.

Ndiyo maana anarudi pale chini. Anasema ndipo mama alipomweka. Lile komeo nimeling'oa kwa patasi, na mlango tunauwekea jiwe usifunge, maana ukifunga anapiga kelele, na ukiwa wazi halali. Sijui kitu kingine cha kufanya na mlango.

Sikuandika kwa sababu ukiuliza habari zake katika kila barua, kwako alikuwa bado mzima. Palikuwa na mahali pamoja duniani alipokuwa mzima.

Sasa wewe. Maji yako wapi?

Anselme


Nateete, 30 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta mahali pa kukaa. Sufuria yake nimeiosha, ingawa ilikuwa safi. Misa imesomwa. Vitanda vitatu nilivielewa siku ile ile ulipoviandika, Anselme. Nikafanya hesabu nyingine ili nisielewe.

Shimo la kupima tulilichimba siku barua yako ya Julai ilipofika, kando ya zile nguzo. Ochan alikuwa amefika kiunoni maji yalipoanza kuingia kutoka pembeni, polepole, bila sauti, kama mtu anayechelewa kanisani. Kesho yake chura alikuwa amehamia. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia, ungesema basi, na mngebaki.

Baada ya kukutumia ile barua ya Agosti nilishinda nikitembea kiwanjani nimeinamisha kichwa, kama niliyedondosha hereni. Ochan akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta mahali ambapo maji hayapo. Akaniambia hiyo iko Karamoja, kule kwenye ukame.

Ndipo nikakumbuka vyoo vya Bwaise. Panapopandwa ngazi kwenda chooni, usichimbe. Sasa kiwanja cha Abudu kinapanda kilima, na jirani yetu wa juu kabisa, Juliet, mshona nguo, anaingia chooni kwake bila kupanda hata jiwe, na shimo lake ni la zamani na refu. Nikaenda nikamwomba ruhusa ya kuchungulia. Tulishusha jiwe kwa kamba, mimi na Ochan, naye Juliet kasimama mlangoni ameziba pua, anauliza hii ni dini gani. Jiwe lilirudi na kilichorudi nalo, lakini maji hayakuwemo. Tukachimba shimo letu la kupima kwenye pembe hiyo ya juu. Lilikaa wazi katika mvua zote za mwisho wa Agosti, na chini yake kulibaki udongo mwekundu tu.

Basi nyumba imehamia juu. Zile nguzo za bondeni Acen anaanikia mihogo. Mzee Abudu amekubali baada ya Ochan kumwahidi kwamba siku tukiondoka, shimo litabaki lake na atakodisha ghala. Sasa anatuletea chai yeye.

Nakueleza tulivyolipanga, uweze kumweleza Benedicte. Kavu ya masista ni sanduku, lina mfuniko juu tu. Yenu ni droo ambayo imevutwa kidogo. Tumekata kilima: kuta tatu zimo ndani ya udongo, na ya nne inatazama bondeni, hewani, ndiyo yenye mlango. Maji yakithubutu kuingia, yana pa kutokea. Nyuma ya kuta, kabla ya kurudisha udongo, tumezipaka lami, kisha tumejaza changarawe, na chini ya changarawe kuna bomba lenye matundu linaloteremka hadi mferejini. Katika ukuta wa nne, mbali na mlango, kuna dirisha dogo la juu ambalo mtu mwembamba anaweza kutokea. Mimi siwezi, nimejaribu, Ochan alinisukuma na hatutalizungumza. Juu kuna dari la zege, na juu ya dari boriti za chuma nilizozitoa Katwe, ambako mchomeleaji aliniuliza najenga daraja la wapi.

Usidhani ilikuwa rahisi. Tulipokuwa tunakata, mvua ilinyesha na ukingo ukaanguka. Ulimfunika Ochan mpaka mapajani. Tulimtoa kwa mikono, mimi na Acen na Juliet, na Acen alikuwa anamtukana mumewe kwa Kiacholi muda wote huo, machozi yanamtoka. Tangu hapo nikilisikia jembe, natoka kuhesabu watu. Naogopa kila siku, nakwambia ukweli. Lakini tumeweka miti ya kuzuia, na kuta zimesimama, na Jumanne iliyopita nyumba ilipandishwa. Milango yake yote inafunga.

Mchoro uko nyuma. Mpe mtoto. Njooni kabla Josias hajarefuka tena.

Perpétue


Kambi ya mapokezi, Kisoro
27 Oktoba 2025

Yaya,

Tumevuka. Tuko upande wenu, tunakula uji wa serikali na kusimama foleni. Josias amesimama wima kwa mara ya kwanza, hata mimi nilishangaa.

Jinsi tulivyopita sitaiandika yote. Benedicte aliushika mchoro wako wiki nzima kabla hajapanda ngazi. Katika lori la Pitshou tulimlaza kati ya magunia matupu, na Josias chini yake. Kwenye kizuizi cha mwisho mmoja wao alipanda akaanza kuchoma magunia kwa chuma. Aliyachoma ya upande wa kushoto. Walikuwa upande wa kulia. Hakupiga kelele, yaya. Alikuwa ameuma ile karatasi.

Sasa hapa analala chini ya kitanda cha chuma. Basi la kuja Kampala lipo, wametuandika. Hapandi. Anataka kujua jambo moja kwanza. Umechora mlango, na kwenye mlango umechora kistari kidogo, ni komeo. Hukusema liko upande gani.

Nimepata simu ya kuazima, ningeweza kukupigia. Hataki. Anasema kwenye simu watu husema tu. Anataka uandike.

Anselme


Nateete, 2 Novemba 2025

Anselme, na Benedicte,

Hamjambo. Barua nampa dereva wa basi la asubuhi, itawafikia kesho. Sisi wazima, kuku wazima, goti limekuwa likilia tangu jana.

Leo mchana, lilivyosema goti, mvua imekuja. Ya Novemba, ile inayofunga barabara. Nilimwambia Ochan naingia. Akasema ngoja ipungue. Nikamwambia ikipungua itanijulisha nini?

Mimi maji nayaogopa, Benedicte. Baba yako anajua kidogo tu, nitakusimulia wewe Bwaise yote ukifika. Niliingia, nikafunga, nikavua viatu, nikakaa sakafuni, kwa sababu unyevu huwahi kufika miguuni kabla ya machoni. Kulikuwa na giza. Niliyasikia yanateremka kilimani kama watu wengi wanaokimbia, yakafika nyuma ya ukuta, usawa wa kichwa changu. Nilishika rozari nikasahau lilipo tendo la kwanza. Nikasema sasa yanaingia. Yakashuka kwenye changarawe, nikayasikia kwenye bomba, yakapita chini ya pembe ya chumba na kwenda bondeni kulala na chura wake.

Nilipapasa sakafu yote kwa viganja, na pembe zote, na mahali ukuta unapokutana na sakafu. Anselme, naiandika kwa kiambishi chake, kama mama angetaka, ili safari hii pasiwe na ubishi: ndani ya kavu ni pakavu.

Sasa swali la Benedicte.

Komeo liko ndani. Nje hakuna. Nilimwambia Ochan asiache hata tundu la msumari ambamo mtu angeweza kulifunga, na nimeupapasa mlango upande wa nje kama nilivyoipapasa sakafu. Unafungukia ndani, ili kitu kikianguka nje kisiuzuie. Wakati mvua inanyesha nililifunga komeo na kulifungua, nikalifunga tena na kulifungua tena, kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto, nikiwa nimesimama, nikiwa nimeketi kama mtu wa kimo chako. Nilipolifunga, Ochan alikuwa nje akiusukuma mlango na kuniita, "Mama, fungua, mvua nanipiga." Hakuweza kuingia mpaka nilipotaka mimi. Nilipotaka, niliufungua kwa kidole kimoja.

Atakayekuwa ndani ndiye atakayefungua. Hiyo nimeijaribu, sijaisema tu.

Kitu kimoja Ochan alikosea: mlango ameujenga mfupi, amezoea vya kambini. Nimegonga kichwa mara tatu. Ukifika, mwanangu, usikimbie.

Ingia pole.

Shangazi yako,
Perpétue